Maziwa Mepesi ya Buhongwa

Jumatatu, 4 Septemba 1961

Nimepima maziwa ya asubuhi. Ng'ombe wetu Kahawia hakujaza ndoo. Wenzake saba vivyo hivyo. Kile kioo cha kupimia uzito wa maziwa kimezama zaidi kuliko juzi, yaani maziwa ni mepesi, na mafuta yamepungua. Nimeandika kitabuni. Mvua hakuna. Upepo wa ziwani haufiki huku Buhongwa.

Ng'ombe hawa wa kizungu waliletwa kwa meli kutoka Kisumu. Tangu mwezi uliopita wanashinda kwenye banda jipya la bati. Amri ya Bwana Mifugo, Mzungu msimamizi wa shamba hili. Zamani Mzee Malimi, mkamuaji wetu mkuu, aliwapeleka mchana kwenye kivuli cha majabali. Leo kaniambia, "Mwanangu karani, wanyama hawa wanaungua ndani." Nilikuwa na haraka. Nikaenda zangu.

Alhamisi, 7 Septemba

Yamezidi kuwa mepesi. Wateja wa mjini wamerudisha debe zima. Bwana Mifugo kachukua kitabu changu, kakisoma amesimama. Akauliza nani anamkamua Kahawia. Nikasema Mzee Malimi.

Jumamosi, 9 Septemba

Siku mbaya.

Tumekusanywa mbele ya banda, wakamuaji, wachungaji, hata mpishi. Nikaamriwa kusoma namba kwa sauti. Nikasoma. Bwana Mifugo akasema namba hizo maana yake ni maji, na maji hayajitii ndooni yenyewe. Mzee Malimi hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Mwanangu, umeniona nikitia maji?"

"Kipimo ndicho kinachosema, mzee."

Hilo ndilo jibu nililotoa. Nililompa mtu aliyenipokea hapa nikiwa sijui hata kumfunga ng'ombe kamba ya miguu. Amefukuzwa papo hapo. Kafunga virago, kaenda kwao Busisi kwa mkewe. Mmoja wa wakamuaji akamwita Mzee Maji, wengine wakacheka. Sikucheka. Wala sikuwakataza.

Kahawia amelia mpaka jioni.

Jumanne, 12 Septemba

Mkamuaji mpya ameanza. Maziwa ni mepesi kuliko ya juma lililopita. Nimepima mara mbili. Nimekiosha kioo, nikapima tena.

Alhamisi, 14 Septemba

Nimekamua mwenyewe. Ndoo niliisuuza, nikaianika juani mpaka ikakauka, nikaketi ubavuni mwa Kahawia. Hakuna mtu mwingine aliyegusa kitu. Kutoka chuchu hadi kwenye kioo, mikono yangu tu.

Mepesi.

Hakukuwa na maji. Hayakuwapo hata siku moja. Nimemfukuzisha mtu asiye na kosa.

Jumatatu, 18 Septemba

Tangu Ijumaa napima na joto la ng'ombe wenyewe, alfajiri na saa nane mchana. Alfajiri wazima. Saa nane wote wana homa, wala hawaumwi. Wanahema midomo wazi, mate yanadondoka, majani hawayagusi. Ukiweka kiganja kwenye bati unakitoa mara moja.

Kahawia na mwenzake mmoja nimekuwa nikiwapeleka majabalini saa nne asubuhi na kuwamwagia maji. Homa yao imeshuka. Maziwa yao yameanza kupanda, kidogo. Ya wale sita wa bandani yanazidi kushuka.

Mzee aliyasema haya bila kioo. Niliyasikia kwa masikio yangu.

Jumatano, 20 Septemba

Nimempelekea Bwana Mifugo namba zote. Alisoma muda mrefu. Ni mtu mwelewa, na hilo ndilo linaloniudhi. Akaamuru bati lifunikwe nyasi na ng'ombe watolewe mchana. Nikamwuliza habari ya Mzee Malimi. Akasema mzee huyo alikuwa amechoka hata hivyo, na kwamba Desemba yeye hayuko tena hapa. Uhuru ukija, akasema, sisi tupange wenyewe.

Nimetoka bila kuaga. Namchukia. Najichukia zaidi.

Jumapili, 24 Septemba

Basi hadi Usagara, lori hadi Kigongo, nikavuka ziwa. Busisi niliuliza nyumba ya Mzee Malimi. Mtu akasema, "Yule wa maji?" Habari ilinitangulia.

Mzee yuko kitandani. Kifua, na homa. Mkewe, Mama Kabula, kanipa kigoda. Sikukikalia. Nikapiga magoti. Shikamoo yangu ilikaa hewani, mwisho mzee akaitikia marahaba.

Nikamweleza yote. Bandani, majabalini, homa ya saa nane. Akasikiliza amefumba macho. Neno lake la kwanza:

"Kahawia anakula?"

Nikalia kama mtoto. Nikamwomba arudi. Akatikisa kichwa.

"Ulinisoma mbele ya watu. Kanisome tena mbele yao."

Jumatatu, 25 Septemba

Nimesoma. Sikuomba ruhusa. Ndoo zilikuwa zinagawiwa, watu wote wapo. Nikasoma joto la ng'ombe na maziwa yao, siku kwa siku. Kisha nikasema Mzee Malimi hakutia maji, na kwamba moyoni nilijua si mtu wa kutia maji, nikanyamaza kwa woga. Hakuna aliyecheka. Yule aliyemwita Mzee Maji alivua kofia. Bwana Mifugo alikuwa amesimama mlangoni. Akageuka, akaenda zake.

Dereva wa lori la pamba anavuka kesho. Nimempa ujumbe ampelekee mzee.

Ijumaa, 29 Septemba

Dereva karudi. Mzee Malimi alifariki Jumatatu usiku. Ujumbe ulifika watu wako kaburini.

Sijapima kitu leo.

Jumapili, 15 Oktoba

Bati limefunikwa lote. Maziwa yamerudi mazito. Wenzangu wamefurahi.

Mama Kabula kaja, peke yake, amevaa koti la marehemu juu ya kanga. Chai hakutaka. "Nionyeshe huyo Kahawia," akasema. Nikampeleka. Ng'ombe akanusa mkono wa koti, akaanza kuulamba, taratibu, mpaka ukalowa. Mama hakuutoa. Walisimama hivyo muda mrefu. Mimi nilitazama chini.

Kisha akasema watu wa Busisi bado wanasema mzee alitia maji. Watoto wa jirani wanamtania mjukuu wake kisimani.

Nikamwambia nitakuja na kitabu, nisome na huko, sokoni, siku yoyote atakayo.

"Njoo Jumamosi," akasema. "Ndiyo siku ya watu wengi."

Nikamsindikiza barabarani. Basi lilikawia. Tulikaa ukingoni, yeye akiukausha ule mkono wa koti juani, mimi kando yake.