Wassila Gharsalli, Uliyefundisha Muziki kwa Miguu ya Watoto

Mwaka umetimia leo, Wassila, tangu ulipotutoka ukiwa umekaa uani, wanafunzi wako wakikusubiri useme "Haya!"

Hukuwa mtu wa fimbo. Mtoto aliyeshindwa kusoma noti ulimvua viatu, ukamchorea miraba sakafuni: mpana ni pigo refu, midogo miwili ni mapigo mafupi. Aruke. Akikosea, aanze upya. Makopo ya nyanya uliyatia dengu yakawa manyanga, mama akawaka: "We Wassila, leo tutakula nini?" Nawe: "Mama, mchuzi unaliwa unaisha. Haya yanabaki."

Hatusahau siku mkaguzi alipokuja chuoni ulikofundisha. "Hiki ni chuo cha muziki, bibi, au uwanja wa michezo?" Ukamwambia avue viatu, aruke pigo la nuba moja tu, wimbo wetu wa kale. Akakosea mraba wa tatu. Mabrouka, binti wa fundi viatu, ambaye barua yake ya kufukuzwa kwa kushindwa noti ilikuwa tayari mezani, akapayuka: "Umeungua, mjomba! Rudi mwanzo!" Kisha akaliruka lote, huku akiimba, bila kukosea hata mara moja.

Barua ya Mabrouka ikachanwa. Lakini darasa lako likafungwa wiki iliyofuata.

Ulirudi nyumbani na makopo yako kwenye mkokoteni. "Sogezeni vyungu vya maua," ulisema. "Hapa panatosha." Pakatosha miaka kumi na mmoja. Kiharusi kilipoulaza mkono wako wa kulia, ulichora kwa wa kushoto, miraba ikapinda, watoto wakairuka hivyo hivyo.

Baada ya arobaini yako, kaka yako Nejib alitia kufuli mlango wa ua, nyumba ipate kuuzwa. "Mwenye darasa kaondoka nalo." Jumapili ya kwanza watoto tisa wakaketi kizingitini. "Tumekuja kusoma, ami." Kufuli likabaki. Jumapili ya pili wakawa kumi na wanne, Mabrouka mbele na fidla yake, akaanza kuwafundisha pale pale barabarani. Nejib alisimama nyuma ya mlango mpaka wimbo ukaisha, ndipo akafungua.

"Ingieni. Ila mimi msinirushe mirabani."

Walimrusha. Magoti yanamuuma mpaka leo, na kila Jumapili yumo.

Kufuli tumelitupa, Wassila. Nyumba haiuzwi, darasa halifungwi.

Unakumbukwa na mama yako Khadouja, kaka yako Nejib, dada yako Latifa, binti yako Rim, wajukuu, na wanafunzi wako wote wa mji wa Testour. Mungu akurehemu. Maadamu tuko hai, hutasahaulika.