Alipo Mzee Dzombo

Jumatatu, 2 Juni 1986

Wiki ya tatu ya ndoa na bado naamka nikitabasamu! Thoya aliondoka asubuhi kwenda kufundisha, kisha akarudi kutoka njiani — eti kasahau chaki. Chaki ilikuwa mfukoni. Akanibusu shingoni, akaenda zake akipiga mluzi. Ee Mungu, furaha hii niiweke wapi?

Ukungu wa hapa Kaloleni hatuujui kwetu Malindi. Unafunika minazi mpaka vinabaki vichwa tu, vinaelea.

Jumapili mama mkwe anabatizwa! Ndiye wa mwisho nyumba hii. Namsomea katekisimu jikoni huku akikuna nazi. Leo kauliza, huko mbinguni wanaimba tu? Maana marehemu mumewe Dzombo hakujua kuimba, alijua kugema tembo la mnazi. Nimecheka mpaka machozi. Yeye hakucheka sana.

Jumatano, 4 Juni

Nimemwota baba mkwe! Alikufa Thoya akiwa darasa la sita. Sijamwona hata kwa picha. Alisimama mlangoni mwa chumba chetu, masikio yaleyale ya Thoya, akitabasamu. Bega la kushoto lilikuwa wazi, limelowa umande. Niliamka nimetulia, kama mgeni aliyekwisha kukaribishwa.

Nikamhadithia mama mkwe, mdomo wangu huu! Kwetu ndoto ni ya kusimulia kwenye uji, basi. Mama akaacha kukuna nazi.

"Bega gani?"

"La kushoto, Mama."

"Ndilo alilokuwa akitupia shuka. Ana baridi. Na amekuja kwako, si kwangu."

Kumbe hapa, koma — roho ya mzee wa nyumba — akimjia mtu ndotoni, yule aliyejiwa ndiye humpelekea kitambaa na kummwagia tembo kwenye kigingi alichosimikiwa cha ukumbusho nyuma ya nyumba. Mimi! Binti wa mzee wa kanisa!

Ijumaa, 6 Juni

Nimemuuliza katekista, Mwalimu Mwambire: aliyekufa bila ubatizo yuko wapi? Akasema hukumu ni ya Mungu. Kisha, akitazama chini, akaongeza kwamba njia ni moja tu.

Jioni tulitembea minazini, mkono kwa mkono. Thoya akasema naye aliuliza hivyohivyo siku alipobatizwa, akaambiwa asome mstari unaofuata.

"Tangu hapo sijauliza tena, Easter."

Nilimpenda kuliko hata siku ya harusi.

Jumamosi, 7 Juni

Mama kanishika mkono. Anasema hataki moto wetu wala vinubi vyetu, anataka kulala alipo Dzombo. "Wewe umemwona, mwanangu. Kama yuko kwa Yesu, kesho nainamisha kichwa nimwagiwe maji. Kama hayuko, niacheni."

Nikasema nitamjibu asubuhi.

Nauona ule uso mpaka sasa. Haukuwa uso wa mtu anayeungua! Lakini ndoto ni ushahidi? Nikisema yuko kwa Yesu, nani kanipa ruhusa? Nikisema sijui, tutampoteza Mama — milele. Neno refu sana hilo kwa mtu aliyeolewa juzi. Hata mimi, mbingu bila Thoya ningeifanyia nini? Mungu anisamehe. Nimeandika, na sifuti.

Jumapili, 8 Juni

Kengele ya kwanza imelia. Thoya ananiita kutoka barazani, kavaa tai yake ya harusi, mzuri ajabu!

Namchungulia Mama kwa dirisha la nyuma. Kaoga, kavaa gauni jeupe — na kakaa mbele ya kigingi, kata ya tembo mkononi. Hamwagi, hanywi. Anajua nipo hapa. Hageuki. Kajisogeza tu kidogo mkekani, akaniachia nafasi.

Kengele ya pili. Thoya anauliza kulikoni.

Nimevua viatu vya kanisani. Thoya, ningoje kidogo —