Uso Mpya wa Saa ya Baba Kioko

Jumatatu, 7 Julai

Wauzaji watatu asubuhi, wote nimewarudisha. Wa kwanza alileta saa yenye uso uliopakwa rangi upya, jina la kampuni limeenda upande. Wa pili, kasha la zamani, ndani mashine ya betri. Wa tatu alikuwa na saa ya kweli, ila bei aliyotaja ni ya kiwanja. Baridi kali. Eastleigh nzima imevaa makoti.

Alasiri akaja Mama Kioko. Tumejuana tangu tulipojifungua wodi moja, yeye Kioko, mimi Faruk wangu. Anauza makoti ya mitumba sokoni Gikomba. Mumewe, dereva, alifariki Aprili. Aliacha saa ya Uswisi aliyonunua kwa mhandisi mmoja aliyekuwa akihama nchi. Leo kaileta imefungwa kwenye leso.

Nikafungua mfuniko wa nyuma. Jina lililo kwenye mashine ndilo lililo usoni. Skrubu hazijachubuliwa. Uso umegeuka rangi ya chai ya maziwa, na vitone ving'aavyo gizani, vya mishale na vya uso, vimefifia sawasawa. Hicho ndicho ninachotafuta siku zote, vitu vilivyozeeka pamoja. Haijaguswa na mtu.

Sikusema neno. Marehemu baba, mwenye duka hili kabla yangu, alinifundisha kwamba anayenunua hasifu. Ukisifu, bei inapanda hapo hapo. Nikaguna, nikasema laki na nusu. Ni bei ya haki. Mimi nitauza laki mbili na kidogo, na kodi ya kibanda hiki hailipwi na malaika.

Mama Kioko anataka cherehani mbili aanze kushona nyumbani kwake, mtaa wa Lucky Summer. Mgongo umekwisha kwa kubeba marobota. Lakini kwao mali ya marehemu haiuzwi kabla ukoo haujaketi, nao unaketi Jumamosi, Kitui. Akaondoka na saa yake. Nilimpa mkono kwamba bei ni hiyo hiyo. Mkono ukishatolewa, kwetu biashara imeshafungwa.

Jumatano, 9 Julai

Nimempigia daktari mmoja mstaafu anayekusanya saa za zamani. Nikamwambia uso haujaguswa. Akauliza ataiona lini. Nimefurahi kitoto.

Jumamosi, 12 Julai

Mama Kioko kapiga simu kutoka Kitui. Ukoo umekubali. Shemeji yake mkubwa aliishika saa, akalia, akamrudishia. Cherehani ameshazichagua, muuzaji amemwekea.

Nimelala mchana, jambo nisilolifanya.

Jumatatu, 14 Julai

Sijui niandike vipi.

Kaja amevaa vizuri, uso umechangamka. Kaweka leso mezani, akaifungua mwenyewe. Saa inang'aa. Uso mweupe pe, maandishi meusi mapya, mishale imepakwa. Kasha limesuguliwa mpaka kingo zake zimekuwa mviringo.

"Nimeipeleka kwa fundi pale barabarani Gikomba, Mama Faruk. Amefanya kazi safi. Mimi singekuletea wewe kitu kichafu."

Wa Gikomba ndivyo walivyo. Koti likitoka kwenye robota linafuliwa, linapigwa pasi, linatiwa vifungo vipya, ndipo linaitwa kamera, daraja la kwanza. Bila hayo unauza kwa bei ya kutupa. Amefanya kwa saa alichofanya kwa makoti maisha yake yote. Na malipo ya fundi kayatoa mfukoni mwake mwenyewe.

Nilitaka kupiga kelele. Nikamwambia pesa aje achukue Alhamisi. Akaniachia saa, akaenda zake.

Jumanne, 15 Julai

Daktari alikuja. Akaweka lenzi jichoni, akaitoa mara moja. Hakuketi hata. Elfu arobaini, akasema, kwa ajili ya mashine tu. Hajakosea. Ningekuwa yeye ningesema thelathini na tano.

Nimemkasirikia Mama Kioko siku nzima. Kuna njia rahisi: nimwambie saa imeharibika, bei imeshuka. Ni kweli, na hakuna mfanyabiashara atakayenilaumu. Halafu nasikia mkono wake ndani ya mkono wangu.

Jumatano, 16 Julai

Hasira imenigeukia. Niliiona ile rangi ya chai. Nilijua ndiyo mali yenyewe. Neno moja tu, usiiguse, lingetosha, nami nilinyamaza nisije nikapandisha bei ambayo nilikuwa nimeshaitaja.

Nimetoa akiba. Iliyopungua nimechukua kwenye karo ya Faruk, muhula bado.

Alhamisi, 17 Julai

Nilimlipa yote, laki na nusu ndani ya bahasha. Ningeishia hapo. Lakini akaanza kuniambia ana shangazi mwenye saa kama hiyo, ataipeleka kwa fundi yule yule kabla ya kuniletea. Ikabidi niseme.

Nikamweleza kila kitu. Kwamba uchakavu ule ndio uliokuwa na thamani, kwamba sasa saa haifiki hata theluthi ya bei. Akarudisha bahasha mezani. Nikaisukuma kwake. Nikamwambia nilitoa mkono.

Akaiangalia ile saa nyeupe.

"Siku ile uliona ni ya maana?"

"Niliona."

"Na hukuniambia."

"Kwetu anayenunua hasifu, dada."

"Mimi sikujua nimekuja kwa mnunuzi," akasema. "Nilijua nimekuja kwako."

Akachukua bahasha, akaitia kwenye mkoba. Hakugomba. Afadhali angegomba.

Jumapili, 20 Julai

Faruk kauliza kwa nini saa nzuri namna hii nimeificha kwenye droo. Nikamwambia si ya kuuza. Ni kweli, maana anayeijua saa hataitaka, na asiyeijua siwezi kumdanganya.

Jumatano, 23 Julai

Biashara ndogo. Mvua ya rasharasha.

Saa saba hivi Mama Kioko alipita na vitambaa kwapani. Cherehani zinafanya kazi vizuri, alisema. Alisimama nje ya meza, pale wanaposimama wateja. Akaniuliza habari ya biashara. Nikasema nzuri. Akasema haya, akashika njia.

Miaka yote hii alikuwa akiniuliza habari ya watoto.