Dakika Kumi za Kuagwa

Jumatatu, 1 Septemba 2003
Leo miaka miwili na miezi minne tangu nitoke Mukalla, kwetu Yemen. Nabeba matofali kwa bosi wangu Gurdial, hapa Woolwich, London. Goti limevimba tena. Naandika Kiswahili, lugha ya mama yangu wa Mombasa — Kiarabu cha kuandika sikukaa darasani nikakipata.

Jumanne, 2 Septemba
Bamatraf kapiga simu! Nahodha wetu wa zamani, sasa yuko chama cha mpira. Ijumaa wananiaga uwanjani, Sana'a. Nicheze beki dakika kumi, namba nne yangu, kisha nivuliwe jezi kwa heshima. Mechi thelathini na moja za timu ya taifa, na watu wanakumbuka ya mwisho tu, niliyojifunga goli. "Njoo ulifute," kasema.

Jumatano, 3 Septemba
Home Office, wizara ya hapa inayopokea wakimbizi, niliwaambia nikirudi Yemen nitafungwa jela kwa goli lile. Vitisho vilikuwepo. Nikavitia chumvi. Jumatatu ijayo wananihoji, na pasipoti yangu wanayo wao. Ubalozi wa Yemen utanipa karatasi ya kwenda tu.
Nimemwambia Pacifique, Mkongo ninayekaa naye. Kacheka mpaka kakohoa. Eti nimekimbia simba, sasa narudi kupiga naye foto. Kisha kauliza, "Na huku utaingia na nini, ndugu?"
Lakini dakika kumi zile nazitaka.

Alhamisi, 4 Septemba
Nimeharibu. Asubuhi nimemwomba Gurdial ruhusa, nikasema nimefiwa na kaka. Gurdial kamwambia Harrison, Mkenya wa saiti ya ujenzi. Harrison kawaambia wote, habari ikafika mpaka kanisani. Nimetoka ubalozini na karatasi yangu, nakuta chumba kimejaa. Wanawake wa kanisani kwa Pacifique wamekaa kitandani, begi langu liko chini yao. Mama Thérèse kaleta sufuria ya wali. Kanishika mkono, analia.
"Pole, baba. Marehemu alifanya kazi gani?"
Ulimi ukateleza. "Alicheza mpira. Beki."
"Alikuwa mkali?" Harrison huyo.
"Mkali. Mpaka mechi ya mwisho."
Hapo nikalia kweli. Pacifique kaangalia ukuta. Hakucheka.
Sasa naandika chooni. Ndege ni saa moja jioni. Wameanza kuimba. Mama Thérèse anagonga mlango, anauliza nikienda kuzika nitakaa huko siku ngapi, wapate kunipokea.
Nimemjibu narudi Jumapili.