Mama Alikwisha Kunililia

Kisaka, Jumanne

Leo mama amenikimbia. Mama yangu mwenyewe!

Tangu tuoane, mimi na Hamisi tunaishi ndani ya mashua, tanga likitupeleka Ukara, Irugwa na visiwa vingine kuuza chumvi na vitenge. Leo, baada ya miaka mingi, tumekuja kumsalimia mama. Nyumba ya zamani tumeikuta haina paa, watu wote wamehamishiwa kijiji kipya. Tukawafuata huko.

Mama alikuwa anaanika mtama. Nikasema, “Shikamoo, mama.” Akainua macho, akapiga ukelele, akakimbilia ndani na kufunga mlango.

Kaka yangu Marwa akaja na fimbo. “Nyinyi ni watu kweli?”

“Ni sisi, shemeji,” Hamisi akamjibu. “Kumetokea nini?”

Marwa akakaa chini palepale. “Tuliambiwa mashua yenu imezama. Tumeshawalilia. Hata ng'ombe wa msiba tulichinja.”

Mara mama akaita kutoka ndani, “Robi! Robi, ingia ndani haraka!”

“Abee, mama,” nikaitika. Kumbe hakuniita mimi. Binti mdogo wa Marwa akanipita mbio. Alizaliwa baada ya huo msiba, wakampa jina langu.

Baadaye mama alitoka, akanipapasa uso, akalia sana. Anasema nisirudi ziwani, hawezi kunililia mara ya pili. Hamisi anataka tuondoke keshokutwa, maana mashua ndiyo nyumba yetu.

Mmoja wao nitamwambia hapana. Sijui ni yupi.