Fahali wa Mjomba Aliyepitishwa Bila Kupimwa

Gatina, Kawangware,
Nairobi.
9 Novemba 2025

Mpendwa Mjomba Wepukhulu,

Pokea salamu zangu, za Nabalayo na za watoto. Goti linaendeleaje? Mvua ya huko Kimilili imewaruhusu kukausha mahindi? Sisi miili ni mizima, ila mimi roho imechafuka.

Nakuandikia kwa sababu kwa simu utanikatiza. Usikatae, unajijua.

Ni yule fahali mwekundu uliyetutumia tumnenepeshe. Zizini kwetu Dagoretti, kila ng'ombe mgeni hutengwa kwanza, akakatwa kipande kidogo cha sikio kipimwe maabara. Siku alipofika nilikuwa Kibera kwa Mzee Fadul, mwenye bucha anayetununulia. Ndugu yangu Vincent akamwingiza moja kwa moja kwa wenzake. Nilipomuuliza, akaniambia, "Wee, ng'ombe ya khocha, mjomba wetu mwenyewe, utaiweka aje nje kama ya broka? Hiyo ni madharau, buda!" Mjomba, nilitaka kulia. Heshima yako tunayo, lakini virusi havijui mjomba ni nani.

Sasa wenzake wanaharisha, wanakohoa, chakula wanakitazama tu. Yeye anakula kama kawaida. Daktari wa mifugo, Shiru, amempima mara mbili. Aliambukizwa tumboni mwa mama yake, na atawaambukiza wengine maisha yake yote. Dawa hakuna, itabidi achinjwe. Mzee Fadul naye anaulizia kundi lake.

Najua utasema ng'ombe wako wote ni wazima. Hata huyu alionekana mzima! Hilo ndilo linalonichosha.

Hofu yangu kubwa ni harusi ya mwanao Wanzala. Ng'ombe wa mahari utakaowapeleka kwa kina Nelima Desemba wametoka zizi lako lilelile alikozaliwa fahali huyu. Baba yake Nelima anasomesha watoto kwa maziwa, na ng'ombe wake sasa wana mimba. Tukimpelekea ugonjwa huu, ndama watakufa tumboni, na Nelima ataolewa akilaumiwa na kwao.

Utasema kuwapima ng'ombe wa mahari ni aibu. Basi sema ni mimi niliyeng'ang'ania, mpwa wako mwenye kiburi cha Nairobi.

Msalimie Mama Wanzala, na Seline na watoto wake. Mungu aulinde mji wako na kila kilichomo.

Barua hii anakuletea Vincent mwenyewe, yuko na Shiru. Nimewakataza kugusa chai yako kabla hawajamaliza kupima. Usiwanunie, Mjomba. Wafungulie zizi.

Mpwa wako akupendaye hata akikasirika,
Nyongesa