Pale Kanda Ilipolegea

Baba yangu,

Kesho wanakuzika Nyahururu, nami nitakuwa hapa Jeddah, Al-Hamra, nikipiga pasi kanzu za watu. Kafili, mwajiri wangu, amekataa kuniruhusu nisafiri. Mama akasema basi nijirekodi nikiimba wimbo wa tenzi ulioupenda, nimtumie kwa simu, sauti yangu ichezwe kanisani. Hapo ndipo vita vilipoanza.

Kamau alinipigia kutoka Riyadh, kwenye maghala ya Al-Sulay anakoendesha lori. Naye amekwama huko, lakini kwa kuwa ni kifungua mimba wako, anapanga mazishi kwa simu. “Shiru, imba ule wimbo wa tenzi straight,” akaniambia. “Hizo sauti za country za baa, halas, basi! Usituaibishe mbele ya pastor.”

Aibu! Eti Kamau, aliyekulia buchari ile ile, duka lako la nyama, redio kaseti ikilia country juu ya friji kutwa nzima!

Unaukumbuka mchezo wetu? Ulikuwa ukisimamisha kanda katikati ya wimbo, kisu mkononi, na kuniuliza, “Huyu sauti ameitoa kwa nani?” Nami nilijua. Yule wa sauti nzito, anayekokota maneno na kuingia nyuma ya gitaa kama mtu aliyechelewa ibada, alijifunza kwa mzee aliyemtangulia. Yule mama anayevunja sauti mwisho wa mstari aliisikia kwa mwanamume aliyeivunja kabla yake. Na huyo mwanamume je? “Kwa mama yake, kanisani,” ulinijibu. “Kuiga si wizi, Shiru. Wizi ni kumkana uliyemwiga.”

Siku moja nikakuimbia wimbo huo huo wa tenzi, jinsi yule wa sauti nzito alivyouimba. Kwenye ubeti wa pili sauti yangu ikazama, ikayumba, ikapanda tena. Ulicheka hadi ukashika meza. Kumbe mwimbaji hakuimba hivyo! Kanda yetu ilikuwa imelegea pale, nami nikauiga ulegevu wake kwa bidii nikidhani ni ufundi. Lakini tangu siku hiyo wewe pia ukawa unazamisha sauti pale pale, hata kanisani, wanakwaya wakikutazama kwa jicho la pembeni. Hukuwajali hata kidogo.

Leo mchana nilijifungia chumba cha kufulia nikaanza kuimba. Madam, mke wa kafili, akaja mlangoni, akaniita kwa jina langu kamili. “Wanjiru, mafi sauti, hakuna kelele! Baba amelala.” Alikuwa na maana ya mumewe. Nikamwambia, kwa Kiarabu changu cha jikoni, kwamba baba yangu pia amelala na sitanyamaza. Alinitazama, kisha akaufunga mlango mwenyewe.

Nikaimba. Nilikokota nilipotaka kukokota, nikavunja nilipotaka kuvunja. Nina uchungu na nina hasira, na vyote viwili vimo mle. Kamau akitaka wimbo ulionyooka, aimbe mwenyewe. Nimeshamtumia Mama.

Kesho ubeti wa pili ukifika, sauti itazama na kuyumba, na kanisa zima litadhani simu ya Mama imeharibika. Kijana wa mitambo atakimbilia waya. Pastor atakohoa. Waache, Baba. Wewe utajua ni nani anayeimba, na sauti ameitoa kwa nani.

Lala salama.

Binti yako wa buchari,
Shiru